Mistari Minne Niliyoikata

Kwetu redioni, hapa Gitega, kitu kikitangazwa hewani huja kuchukuliwa dirishani. Ndivyo tulivyowazoesha watu kwa miaka mingi. Umepoteza kitambulisho? Njoo, kimeokotwa. Mbuzi wako amekutwa Ryansoro akila mihogo ya wenyewe? Njoo umuulize Prosper, mlinzi wetu, mbuzi amefungwa nyuma ya jenereta. Niliwahi kumwona mzee mzima akikabidhiwa meno yake ya bandia pale dirishani. Aliyavaa palepale, akatucheka sote. Na kila kipindi cha matangazo, mwanzo na mwisho, tunapiga maneno yaleyale yaliyorekodiwa kwa sauti yangu: "Kwa maelezo zaidi, fika redioni kwetu, Gitega, saa za kazi."

Naeleza haya mapema kwa sababu nimesikia watu wakimcheka Jovina. Wanasema, mtu gani huyo anafunga safari kutoka Butihinda, huko Muyinga karibu na mpaka, kwenda kuchukua dawa redioni? Nikisikia hivyo damu hunichemka. Mjinga hakuwa yeye. Mjinga ana kipaza sauti, ana diploma ukutani, na jina lake Radjabu. Ndiye mimi.

Maisha ya Jovina niliyajua kwa kuchelewa, siku ya kuganduka, siku ile sisi Warundi tunapovua msiba baada ya mwaka. Nilikaa uani kwake na chupa yangu ya Fanta, katikati ya watu wanaokunywa bia ya ndizi, na ndugu zake wakanisimulia bila kunionea haya. Yeye mwenyewe hakusema mengi. Alikuwa akinijazia sahani ya maharage kila ilipopungua, na kila alipofanya hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Alizaliwa kambini, upande wa Ngara, Tanzania. Kiswahili chake alikipata sokoni na kwa Watanzania waliokuwa wakiwapa vibarua. Aliporudishwa Burundi na wazazi wake alikuwa na miaka kumi na minne, na watoto wa Butihinda walimcheka Kirundi chake mpaka akaacha kuongea shuleni, kisha akaacha na shule. Aliongea na redio. Kipindi cha Kiswahili kikianza aliacha jembe shambani akaja kukaa, eti ndiyo saa pekee anayosikia watu wa kwao. Watu wa kwao ndio sisi, tusiomjua.

Akaolewa na Kastori, naye mtoto wa kambi. Mtoto wao wa kwanza, Crispin, alivimba mikono na miguu kabla hajajua kutembea, akalia mwezi mzima, akafa hajatimiza miaka miwili. Wengine walisema ni maji ya kisima. Wengine walimtaja jirani. Jovina alimzika mwanawe bila kujua kilichomuua.

Happy alipozaliwa na kuanza kuvimba mikono ileile, Jovina hakumsikiliza mtu. Alimfunga mgongoni akatembea mpaka hospitali ya Muyinga. Wakampima damu. Muuguzi mmoja akachukua karatasi akamchorea: chembe nzima ya damu ni ya mviringo, na hii ya mwanao imepinda kama mundu, ndiyo maana ugonjwa unaitwa selimundu. Inanasa katika mishipa, mtoto anaumwa mifupa. Mundu Jovina anaujua, ndio anaokatia majani ya mbuzi kila asubuhi. Muuguzi akamwambia pia kwamba ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake, mtoto ameurithi kwa wazazi wote wawili. Kastori aliposikia hilo alisema kwao ugonjwa kama huo haujawahi kuwapo. Mwezi uliofuata akavuka mpaka kutafuta vibarua, na hajaonekana mpaka leo. Natumaini huko aliko aibu inamla polepole.

Jovina akabaki na amri tatu za muuguzi: maji mengi, asipigwe na baridi, na homa ikipanda akimbie kituo cha afya. Alichukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu akaizungushia nyuzi nyekundu tatu. Kabla ya shule maji yashuke mpaka uzi wa kwanza. Mchana, wa pili. Jua likizama, wa tatu. Happy alienda nayo shuleni, alienda nayo kanisani, na watoto wakimtania kwamba anakojoa kuliko ng'ombe alikunywa tu. Hivyo ndivyo mtoto yule alivyofika miaka tisa. Nyuzi tatu na mama mmoja mbishi.

Na alipenda redio kama mama yake. Akigombana na mwenzake, akishamaliza kumpa yake, alisimama wima akaigiza sauti yangu nzito: "Kwa maelezo zaidi, fika redioni kwetu!" Uani kwao kila mtu alikuwa akilisema hilo kwa kucheka. Siku ile ya kuganduka walilisema tena, halafu wakakumbuka ni nani amekaa pale na Fanta yake.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Jumapili, tarehe thelathini na moja Desemba 2023, mchana, nilisoma makala yangu ya kufunga mwaka. Niliiandaa mwezi mzima. Nilitaka watu wa vijijini wajue dunia imefanya nini mwaka ule mbali na kupandisha bei. Nikawaambia Wahindi wametua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua. Nikawaambia kuna chombo kimeleta duniani mchanga wa jiwe linaloelea angani, mchanga wenye umri wa jua. Nikawaambia kuna mashine unaiandikia swali inakujibu kama mtu, hata ukiitukana inakuomba radhi. Nikawaambia chanjo ya pili ya malaria imekubaliwa, na hapo nikapunguza sauti kidogo maana najua nani ananisikiliza. Cha mwisho nilikiweka makusudi, kama mama anavyoficha mnofu chini ya ugali.

Cha mwisho kilikuwa selimundu. Nilieleza vizuri, sijisifu. Nilisema madaktari wanatoa chembe changa ndani ya mwili wa mgonjwa, wanaingia kwenye maandishi madogo yanayoiamuru chembe iweje, wanakata mahali pamoja tu, wanamrudishia, na mwili unaanza kutengeneza damu njema. Nilisema Novemba ile Uingereza ilikuwa ya kwanza duniani kuruhusu matibabu hayo. Ilibaki mistari minne.

Amisa, fundi wetu wa mitambo, akanigongea kioo. Sauti yake ikaingia katika vipokea sauti vyangu: "Radjabu, muda iko imeisha! Matangazo ya vifo iko saba, na wenyewe wako hapa inje wanangoja. Kata, bwana!"

Ningeweza kuwa nimeikata ile habari ya mwezi. Mwezi hauna mgonjwa nyumbani. Lakini mwezi nilikuwa nimeshausoma, tena kwa madaha, na mistari minne ile ilikuwa mikavu, inaharibu utamu. Nikaikunja karatasi. Nikapandisha sauti, nikasema, "Ugonjwa uliotesa watoto wetu tangu enzi za mababu sasa umepata mganga wake! Heri ya mwaka mpya!" Na Amisa, kama ilivyo kazi yake kila siku, akafungua kipindi cha matangazo kwa sauti yangu iliyorekodiwa. Kwa maelezo zaidi, fika redioni kwetu, Gitega, saa za kazi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeisoma hewani labda mara mia.

Kule Butihinda, Jovina alikuwa akipukuchua maharage. Anasema mikono yake ilisimama yenyewe. Happy akamtazama akasema, "Mama, amesema tufike." Jovina akatoka mbio mpaka kwa jirani yake Efrazia, ambaye mtoto wake wa kiume ana ugonjwa uleule. Wakashauriana. Efrazia alikuwa na mihogo haijavunwa. Akasema, "Tangulia wewe uone. Mimi na mwanangu tutakufuata Jumatatu ya tarehe nane."

Jumanne alfajiri Happy alipakiwa kwenye baiskeli mpaka Muyinga mjini. Hapo wakakwama. Mnakumbuka hali ya mafuta ilivyokuwa, magari yamelala kwenye foleni kama maiti. Jumatano wakapata lori la ndizi, wakakaa juu, chini ya turubai, na mvua ikawafuata. Dereva aliwaambia kabla ya kuondoka kwamba hasimamishi gari ovyo ovyo, mafuta yanakwisha. Happy akasikia. Ni mtoto wa miaka tisa, ana haya. Kila mama alipomsogezea chupa alisema, "Baadaye, Mama. Nitakunywa tukifika." Walilala Karusi kwa msamaria mmoja, nguo zao hazijakauka, na asubuhi wakapanda tena. Jovina, aliyezilinda nyuzi zile tatu miaka tisa, akamwachia mwanawe siku mbili. Aliona hakuna neno. Dawa iko mbele.

Alhamisi saa nne asubuhi Prosper alinifuata. "Chef, iko mama moja pale kwa dirisha. Nimemuuliza amepoteza nini, anasema hajapoteza kitu. Anasema amekuja kuchukua dawa. Mi sielewi."

Nilitoka. Mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Kando yake mtoto ndani ya sweta mbili na kitenge, macho ya njano. Nikasema, "Karibuni, nawasaidia nini?" na mtoto akanyanyua uso ukawaka wote.

"Mama, ndiye! Ndiye mwenyewe!" Kisha akakumbuka adabu za mama yake, adabu za Tanzania ambazo hapa kwetu si wengi wanazo. "Shikamoo."

Nikaitika, "Marahaba, mama."

Jovina akasema, "Kaka, samahani tumechelewa. Magari yalisumbua. Tumekuja kwa ile dawa ya selimundu uliyoitangaza Jumapili."

Nataka kusema kwamba nilimwambia ukweli hapo hapo. Sikumwambia. Mtoto alikuwa akinitazama kama anayetazama sikukuu, na mimi, niseme tu, nilifurahi kutazamwa hivyo. Nikasema, "Kaeni hapa kidogo, nimpigie daktari mmoja simu niulize." Nilikuwa na habari za saa sita za kuandaa. Nikamwagiza Prosper awaletee chai, nikaingia ndani, nikajificha nyuma ya kazi. Hakuna daktari niliyempigia. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema, eti mimi, ninayekula kwa kusema.

Walikaa kwenye benchi la barazani saa mbili na zaidi. Mnaijua baridi ya Gitega mvua ikinyesha, inapita katika sweta kama haioni mtu. Nilipotoka baada ya habari, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa chupa. Sikujua bado maana ya nyuzi zile, lakini niliona zote tatu ziko chini ya maji, na maji yako mdomoni mwa chupa. Jovina alikuwa akimbembeleza mtoto anywe, na mtoto akitikisa kichwa. Alikuwa ameomba choo, na choo chetu kilikuwa kimefungwa, ufunguo anatembea nao mkurugenzi. Kwa hiyo hakunywa.

"Nyonga inamuuma," Jovina akaniambia. "Na sasa kifua. Kaka, daktari amesema dawa inaletwa saa ngapi?"

Mtoto alikuwa anapumua kwa mafupi mafupi. Nikambeba. Alikuwa mwepesi, na moto wa mwili wake ulipita katika sweta zote mbili. Amisa alikuwa ameshakimbilia barabarani kusimamisha pikipiki. "Twende, twende, hii mutoto iko mbaya vraiment!" Tukapanda watatu nyuma ya dereva, kinyume cha sheria, mpaka hospitali.

Waliokuwa zamu walifanya kazi, siwezi kusema uongo. Walimtundikia maji, wakamwekea oksijeni, damu ya kuongezwa ikapatikana jioni ileile. Daktari alituambia tu kwamba kifua kilikuwa kimeshaanza kuziba njiani, na kwamba mtoto wa namna hii asingepaswa kusafirishwa kwenye mvua bila kunywa maji. Hakujua anaongea na nani. Jovina akaitikia, "Najua, daktari." Ndivyo alivyosema. Najua.

Ijumaa asubuhi, Happy akiwa amelala, Jovina aliniuliza tena. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kaka, ile dawa."

"Mama Happy, haipo."

"Haipo hapa, au haipo?"

"Ipo. Iko Ulaya."

Alikuwa amemshika mtoto kisigino, chini ya shuka. "Siku ile unasoma, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeandika. Muda ukaisha. Nikakata."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Mchana, adhana ya Ijumaa ikisikika kutoka mtaani kwetu, Happy alifungua macho akaomba maji. Jovina akaishika chupa, akamtilia mdomoni kidogo kidogo, akimwambia, "Kunywa mama, kunywa, bado uzi wa kwanza tu." Mtoto alikunywa. Kwa mara ya kwanza tangu Butihinda alikunywa vizuri, na maji yakashuka mpaka uzi wa kwanza, na hapo ndipo alipokata roho.

Kuna watu husema mtu analia kama mtoto. Mimi nililia kama mtu mzima aliyefanya kosa, na hicho ni kilio kibaya zaidi. Jovina hakulia. Aliifunga chupa kizibo.

Kumrudisha Happy Butihinda haikuwezekana, mafuta yalikuwa hayapatikani hata kwa magari ya wagonjwa. Tukakubaliana azikwe Gitega, Jumamosi alasiri. Akina mama wa Kiislamu wa mtaani kwetu, wasiomjua, walikuja kukaa naye, na katekista wa parokia akaja kwa ajili ya sala. Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi, Jovina aliniambia anataka kwenda redioni.

Alisimama palepale dirishani. Prosper akavua kofia. Aliyekuwa zamu ya matangazo akachukua kalamu amwandikie, lakini Jovina akanitazama mimi.

"Andika wewe. Na usome wewe. Sauti yako alikuwa anaipenda."

Nikaandika alivyonitajia. Jovina wa Butihinda anawatangazia ndugu na jirani zake kifo cha binti yake Happy, mwenye umri wa miaka tisa, kilichotokea jana mjini Gitega. Habari imfikie na baba yake, Kastori, popote alipo. Mazishi ni leo. Nikamuuliza kama kuna la kuongeza, kama tunavyouliza watu wote.

"Lipo," akasema. "Yale uliyoyakata. Unayo bado?"

Nilikuwa nayo. Karatasi ilikuwa bado katika koti langu, imekunjwa vilevile.

"Isome sasa. Efrazia anaondoka Jumatatu na mwanawe. Simu hana. Ana redio."

Nikaingia studio. Nilimwambia Amisa asiipige ile sauti yangu iliyorekodiwa, mwanzoni wala mwishoni, akaitikia kwa kichwa. Jovina akasimama upande wa pili wa kioo, chupa mkononi. Nikasoma tangazo la kifo. Jina la mtoto nikalisoma mara mbili. Kisha nikafunua karatasi.

"Lakini wasikilizaji, matibabu haya kwa sasa yako katika nchi chache za mbali, hayajafika Burundi wala kwa majirani zetu. Mwenye mtoto mgonjwa asifunge safari kuyatafuta. Aendelee kumnywesha maji mengi, amkinge na baridi, na homa ikipanda ampeleke kituo cha afya kilicho karibu. Siku yatakapofika, tutawaambia."

Taa nyekundu ikazimika. Kwa saa ya ukutani, mistari ile minne ilikuwa imechukua sekunde ishirini na mbili. Kule Butihinda Efrazia alikuwa amesikia, na Jumatatu hakuondoka. Mwanawe yuko hai, nilimwona siku ya kuganduka akikimbiza kuku, na chupa yake ina nyuzi. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilitoka studio nikamkuta Jovina bado amesimama pale kwenye kioo, anaitazama saa.

"Ndiyo hayo tu?" akaniuliza.

"Ndiyo hayo."

"Kumbe yalikuwa mafupi hivi," akasema.